Hodi Isiyoitikwa: Mgeni wa Nyumba ya Makumbusho ya Lamu na Usomaji wa Al-Inkishafi

Utangulizi

Miongoni mwa tungo za kale za Kiswahili, ni chache zilizohaririwa, kutafsiriwa na kuhakikiwa mara nyingi kama Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, mshairi aliyeishi katika karne ya 18 na mwanzoni mwa karne ya 19. Toleo la William Hichens lilitoka mwaka 1939, tafsiri ya James de Vere Allen ikachapishwa mwaka 1977, na utenzi huu umeendelea kuwa na nafasi yake katika mihadhara ya fasihi ya Kiswahili. Wahakiki wameushughulikia zaidi kwa mikabala miwili. Wapo wanaouona kuwa ni waadhi wa kidini unaomwasa binadamu asighurike na dunia, na wapo wanaousoma kama kumbukumbu ya kihistoria inayosimulia fahari na anguko la mji wa Pate. Mikabala yote miwili ina mashiko. Hata hivyo, ipo njia ya tatu ambayo kwayo msomaji wa leo huufikia utenzi huu, nayo haijazingatiwa ipasavyo. Njia hiyo ni makumbusho.

Makumbusho ya Lamu yalifunguliwa mwaka 1971 katika nyumba iliyoko ufuoni, ikitazama bahari. Mbali na jengo hilo, mna mjini nyumba ndogo ya karne ya 18 iliyokarabatiwa na kupambwa upya ili mgeni aone jinsi waungwana wa pwani walivyoishi: kiwanda chake, misana yake, vitanda vyake, na zaidi ya yote vidaka vyake, yaani vile vishubaka vilivyochongwa katika chokaa ya ukuta na kupangwa safu juu ya safu. Mwanafunzi anayeisoma Al-Inkishafi darasani, kisha akapata bahati ya kufika Lamu na kuingia katika nyumba hiyo, hutoka akiamini kwamba ameuona utenzi kwa macho yake. Imani hiyo ina ukweli ndani yake, lakini pia ina hatari. Makala haya yanadai kwamba utenzi na nyumba ya makumbusho humwita mgeni katika ziara mbili zinazokinzana, na kwamba kuzichanganya ziara hizo ni kuupokonya utenzi kauli yake kuu.

Ziara ndani ya utenzi

Ni jambo la kusisitizwa kwamba Al-Inkishafi si maelezo ya magofu tu. Katika sehemu yake ya kati, utenzi huu una muundo wa ziara. Mshairi anauhutubia moyo wake, anaukumbusha matajiri waliotangulia, anazionyesha nyumba zao zilivyong'aa kwa taa za vioo na shaba hata usiku ukawa kama mchana, kisha anageuka na kuzionyesha nyumba zizo hizo zikiwa tame. Mgeuko huo haufanywi kwa jumla. Unafanywa chumba kwa chumba, kwa istilahi za ujenzi ambazo mwenyeji wa Pate au Lamu angezitambua mara moja.

Katika mpangilio wa beti uliozoeleka, jicho la mshairi huanzia juu, ambako makinda ya popo wananing'inia na buibui wametanda utando wao. Kisha linashukia vidaka vilivyowekewa sahani za kaure, ambamo sasa wamelala makinda ya ndege. Likitoka hapo linaingia nyumba kati, ambako mende na nyenje ndio wenye sauti; linapitia ziwanda, yaani nyua za ndani, ambazo zimekuwa mwitu; na hatimaye linafika kwenye milango ya njiani, ambayo kimya na kiza chake humtisha anayepita. Huu ni mwendo wa kutoka ndani kwenda nje. Msomaji hajaombwa bado kuingia. Amesimuliwa tu, na sasa amefikishwa barabarani.

Hapo ndipo inapokuja amri. Mshairi anamwambia asiyesadiki aende mwenyewe katika nyumba hizo, azungushe shingo atazame, aite. Ataita wala hataitikwa, ila na mwangwi. Sauti ya mtu imekatika. Kwa msomaji asiyeijua adabu ya nyumba ya Mswahili, ubeti huu unaeleza upweke wa mahame tu. Kwa anayeijua, unaeleza jambo zito zaidi. Kuita mlangoni ni kupiga hodi, na hodi kwa mila haiishi mpaka isikiwe 'karibu'. Mgeni asiyekaribishwa hana haki ya kupita. Mshairi basi amemweka msomaji wake mahali pasipo na ruhusa wala katazo: mwenye kukaribisha hayupo, na mwenye kufukuza hayupo. Kinachomrudia ni sauti yake mwenyewe. Kinaya kikuu cha utenzi kimo humo. Aliyekwenda kuwatazama wafu amejikuta akizungumza na nafsi yake, na utenzi ulioanza kwa kuuhutubia moyo umeurudishia moyo neno lake.

Fani nayo inashiriki katika ujenzi wa maana hii. Kila ubeti una mishororo minne. Mitatu ya kwanza ina kina chake, na wa nne unarudi kwenye kina cha bahari, -ye, kinachouandama utenzi wote. Katika beti za magofu kina hicho mara nyingi kinabebwa na vitenzi vya Kiamu vyenye tamati -iye, tamati inayoonyesha tendo lililokwisha kutendeka na hali yake ikabaki. Viumbe hawa hawaji wala hawataingia: wamekwisha kuingia, wamekwisha kukaa, na wamekaa moja kwa moja. Sarufi ya lahaja yenyewe imefanywa kuwa hukumu. Tafsiri yoyote, iwe ya lugha ya kigeni au ya Kiswahili sanifu, hulazimika kuutafuta uzito huu kwa njia nyingine.

Ziara ndani ya nyumba

Nyumba ya makumbusho humpokea mgeni kwa utaratibu wa kinyume. Mgeni huanzia nje, akapita daka lenye mabaraza yake, akaingia tekani, akatokea kiwandani, kisha akaelekea misana na vyumba vya ndani. Ni mwendo wa kutoka nje kwenda ndani, na ni mwendo unaoongozwa. Aliyeajiriwa kumpokea humtajia jina la kila kifaa, akamweleza matumizi yake, na kumjibu kila aulizalo. Katika nyumba ya utenzi swali halina wa kulijibu, ilhali katika nyumba ya makumbusho hakuna swali linaloachwa bila jibu.

Tofauti ya pili inahusu ruhusa. Nyumba ya kiungwana ya Lamu, kama walivyoonyesha watafiti wa usanifu wake, akiwemo Usam Ghaidan na baadaye Allen mwenyewe, ilijengwa kwa ngazi za faragha. Mgeni wa kawaida alikomea dakani penye mabaraza, mlangoni. Kadiri mtu alivyozidi kwenda ndani ndivyo alivyopaswa kuwa na udugu zaidi na wenye nyumba, na vyumba vya nyuma kabisa vilihusiana na mambo mazito ya ukoo, kama uzazi na mauti. Mgeni wa makumbusho huvivuka vizingiti vyote hivyo kwa dakika chache, kwa sababu amekwisha kuambiwa 'karibu' kabla hajapiga hodi. Tikiti imemjibia. Hili si kosa la mtu. Ndivyo makumbusho ya kila nchi yanavyofanya kazi. Lakini mhakiki hana budi kulitambua, maana nyumba inayoonyeshwa imetenguliwa kanuni iliyoifanya kuwa nyumba.

Tofauti ya tatu ni ya wakati. Utenzi una nyakati mbili zinazogongana: hapo zamani na hivi sasa. Sahani zilikuwamo, makinda wamo. Athari yote inatokana na mgongano huo. Nyumba iliyokarabatiwa ina wakati mmoja. Kitanda kimetandikwa, kaure imo kidakani, chokaa ni nyeupe, na hakuna kinachomwambia mgeni kwamba baina ya siku hiyo na siku ya waliolala kitandani umepita msiba. Lengo la ukarabati ni kuifuta -iye ya mshairi. Kilichokwisha kuharibika kinafanywa kana kwamba hakijaharibika.

Hapa pana jambo la historia linalozidisha utata. Nyumba za mawe zilizo maarufu Lamu, zenye vidaka na nakshi za chokaa, nyingi zinahesabiwa kuwa za karne ya 18, enzi ile ile ambayo utajiri wake unaombolezwa na Sayyid Abdalla. Pate na Lamu zilikuwa na hasama, na katika vita vya Shela, vilivyopiganwa mnamo 1812 au 1813, Lamu iliwashinda Wapate na washirika wao Wamazrui wa Mombasa. Ngome ya Lamu, iliyokamilishwa mnamo 1821, ni zao la ushindi huo na la himaya ya Oman iliyoufuata. Kwa hivyo mwanafunzi anayekwenda Lamu ili auelewe utenzi wa Pate anaingia katika mji wa mshindi. Nyumba aionayo imesalia kwa sababu haikupatwa na yale yanayosimuliwa katika utenzi. Magofu ya Pate yenyewe yako katika kisiwa cha pili, ambako wanakijiji wamekuwa wakilima tumbaku baina ya kuta.

Utetezi wa kidaka kilichojaa

Haya yote yangeweza kumfanya msomaji wa haraka aseme kwamba makumbusho yanaupotosha utenzi, na kwamba ni afadhali mwanafunzi abaki na maandishi. Hitimisho hilo halifai. Kidaka hakimo tena katika nyumba nyingi wanamokulia wasomaji wa Kiswahili. Mwanafunzi wa Kakamega au Machakos anapokutana na neno hilo, na hata mwenzake wa Mombasa aliyelelewa katika nyumba ya matofali ya saruji, hulitafutia maana katika sherehe ya maneno iliyo mwishoni mwa kitabu, akapata kwamba ni shimo la ukutani la kuwekea vyombo. Shimo la ukutani likiingiwa na ndege si ajabu. Ndege huingia mashimoni kila siku.

Ajabu, na huzuni, huja pale msomaji anapojua kwamba kidaka hakikuwa rafu ya matumizi tu. Ukuta wa vidaka ulikuwa kazi ya mafundi wa chokaa, uliwekwa mahali pa heshima ndani ya nyumba, na kaure iliyopangwa humo ilivuka bahari kutoka Uchina na kwingineko. Ulikuwa ushahidi wa biashara, wa nasaba na wa uungwana kwa pamoja. Makinda wanapolala humo, jazanda ya mshairi inakamilika: nafasi iliyotengwa kwa kitu kisichozaa wala kufa imetwaliwa na kiumbe kinachozaliwa na kufa. Ukweli huu hauwezi kupatikana katika sherehe ya maneno. Unapatikana kwa kusimama mbele ya ukuta wenyewe. Anayetaka kulia juu ya kidaka kitupu hana budi kwanza akione kikiwa kimejaa.

Allen ni mfano unaofaa kukumbukwa hapa. Mtu aliyekuwa msimamizi wa makumbusho ya Lamu katika miaka yake ya mwanzo, akashughulika na kukusanya na kuhifadhi vyombo vya nyumba za pwani, ndiye huyo huyo aliyeitafsiri Al-Inkishafi na kuandika kuhusu maana za kimila zilizomo katika ramani ya nyumba ya Mswahili. Kazi mbili hizo zinaweza kuonekana kupingana: moja inajaza vidaka, nyingine inavimwaga. Ukweli ni kwamba zinahitajiana. Bila ya ujuzi wa nyumba tafsiri ingekuwa ya maneno matupu, na bila ya utenzi nyumba ingekuwa ghala la samani nzuri.

Ushairi unaohifadhi na pembe isiyolia

Inafaa pia kuulinganisha utenzi huu na mkondo mwingine wa ushairi wa Kiswahili, ambao kazi yake iko karibu na ya makumbusho. Ahmed Sheikh Nabhany (1927–2017), mzaliwa wa Lamu, alitunga Sambo ya Kiwandeo, iliyochapishwa mwaka 1979, kuhusu jahazi, na Umbuji wa Mnazi, iliyochapishwa mwaka 1985, kuhusu mnazi na manufaa yake. Tungo hizi zina nia iliyo wazi ya kuyakusanya maneno ya ufundi na ya maisha ya pwani kabla hayajapotea pamoja na waliokuwa wakiyatumia. Nabhany basi anajaza kidaka kwa maneno pale Sayyid Abdalla alipokimwaga.

Ulinganisho huu unasaidia kuonyesha kwamba uhifadhi wenyewe si adui wa ushairi. Hata hivyo, unaonyesha pia mpaka wake. Neno lililohifadhiwa katika utungo linaweza kutamkwa na kuimbwa tena, na hivyo likapata pumzi. Kifaa kilichowekwa nyuma ya kioo hakina pumzi hiyo. Mfano ulio wazi ni siwa, ile pembe kuu ya pwani. Siwa ya pembe za ndovu ya Pate na siwa ya shaba ya Lamu ni miongoni mwa kazi bora za sanaa ambazo zimehifadhiwa katika makumbusho ya Lamu. Zilikuwa alama za utawala, na zilipulizwa katika hafla za wakubwa na arusi za waungwana. Mgeni anazitazama, anastaajabia uchongaji, na kuondoka bila ya kusikia kitu. Nyumba ya mshairi iliyobomoka ina angalau mwangwi; pembe nzima isiyo na dosari haina hata huo. Mhakiki anayejua kwamba sauti ndiyo iliyokatika katika Al-Inkishafi ataona kwamba mauti anayoyazungumzia mshairi hayamo magofuni peke yake. Yanaweza kuingia hata mahali ambapo kila kitu kimepanguswa vumbi.

Mgeni ni nani?

Swali la mwisho, ambalo kwa hakika ndilo lenye uzito zaidi, ni la mgeni mwenyewe. Wageni wa nyumba hii si wa aina moja. Yupo mtalii wa kutoka Ulaya au Marekani, ambaye kwake kila kitu ni kipya. Yupo mwanafunzi wa kutoka bara, ambaye ameambiwa kwamba huu ni urithi wa taifa lake lakini anauona kwa mara ya kwanza. Tena yupo mwenyeji wa Lamu. Kwa huyu wa tatu, ziara ina utata usiowapata wenzake. Anaalikwa kulipa ili aingie katika nyumba inayofanana na ya nyanya yake, atajiwe majina ya vyombo anavyovijua, na aonyeshwe maisha yake kama mambo ya kale.

Utata huo umekuzwa na mabadiliko ya mji. Tangu miaka ya 1970 utalii umeipa nyumba ya mawe thamani mpya, na nyumba nyingi za kale, huko Lamu na Shela, zimenunuliwa na wageni wenye uwezo na kukarabatiwa kwa uzuri. Mwaka 2001 Mji wa Kale wa Lamu uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Hadhi hiyo imesaidia kuyalinda majengo. Lakini jengo linaweza kulindwa huku mwenyewe amehama. Nyumba ikishapakwa chokaa, ikatiwa kaure vidakani, na mwenye nasaba yake akawa anaishi kwingine, hodi ya jirani itaitikwa na nani? Al-Inkishafi ilidhani kwamba nyumba isiyo na mwenyewe hutambulikana kwa popo na buibui. Karne hii imeonyesha kwamba inaweza pia kutambulikana kwa usafi.

Wala haipasi kusahau wale ambao nyumba hizi ziliwaona bila ya kuwahesabu. Utenzi unawataja waliowapepea matajiri vitandani mwao, ila kwa kazi yao tu, bila ya majina. Watumwa na watumishi waliochota maji, waliochoma chokaa na waliobeba kaure kutoka bandarini hawana kidaka katika utenzi wala katika samani za nyumba. Mgeni ambaye kizazi chake kilitoka kwao anaposimama kiwandani anaweza kuwa na hodi ya aina nyingine kabisa, isiyoelekezwa kwa mwenye nyumba. Usomaji wa kisasa unaostahili jina hilo hauna budi kuisikiliza hodi hiyo pia.

Hitimisho

Neno 'makumbusho' limetokana na kukumbusha, na kukumbusha kunahitaji anayekumbushwa. Inkishafi ni neno lenye asili ya Kiarabu, lenye maana ya kufunuka. Nyumba ya makumbusho inaonyesha na utenzi unafunua, na kazi mbili hizi si moja. Kinachoonyeshwa humwacha mtazamaji alivyo, akiwa ameongezewa ujuzi. Kinachofunuliwa humrudia.

Kwa mwalimu wa fasihi, matokeo yake ni ya kiutendaji. Ziara ya Lamu isifanywe kuwa kielelezo cha utenzi, kama picha iliyobandikwa kando ya ubeti. Ifanywe kabla ya usomaji, ili mwanafunzi avijue vidaka, nyumba kati na ziwanda kwa majina na kwa macho, na aizoee nyumba iliyojaa. Baadaye apewe beti za magofu azisome kwa sauti, katika Kiamu chake, huku akikiondoa kitu kimoja kimoja katika ile nyumba aliyoiona: kwanza taa, kisha kaure, kisha watu. Atakapofika kwenye ubeti wa amri, nyumba itakuwa tupu, na atajua ameita nini na kwa nini hakuitikwa.

Makumbusho nayo yangeweza kujifunza kutokana na mshairi. Kidaka kimoja tu, miongoni mwa vingi vya ukuta ule, kingeachwa bila ya sahani. Mgeni angeuliza kilichokuwamo, na mwenyeji wake asingeharakisha kumjibu.